Saa zimeongezeka, mashati hayajaongezeka: nianzie wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Mwanza, mafundi 16, wengi akina mama. Kawaida tunaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na nusu jioni, mapumziko ya mchana saa moja, Jumatatu hadi Jumamosi. Kwa wiki tunatoa mashati kama 600 mazuri. Nilipopata oda kubwa ya shule za kufungua Januari nikaongeza muda: saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, siku zote saba, chakula nusu saa. Kila mmoja nampa posho ya 4,000 kwa siku juu ya mshahara wa laki tatu. Wiki ya kwanza tulifika mashati 980, nikamshukuru Mungu. Wiki ya pili yakashuka. Wiki hii ya tatu ni 760, na 120 kati ya hayo imebidi yafumuliwe: kola zimepinda, mifuko haijalingana. Fundi mmoja sindano imempenya kidole. Wawili waliacha kazi mwisho wa wiki ya pili, mmoja ana mtoto wa miezi mitano. Zimebaki wiki nne na mashati 2,400. Mume wangu anasema nikilegeza tu, oda imenishinda. Nilikwenda semina ya ustawi wa wafanyakazi, wakatushauri siku ya michezo, fulana na keki za siku za kuzaliwa. Je, huo ustawi ni wa kampuni kubwa tu? Nianzie wapi?"

Dada yangu, pole na kazi. Kabla ya oda, tuanze na kidole. Sindano ya cherehani ikipenya kidole inaweza kuvunjika, na kipande kidogo kikabaki ndani bila kuonekana. Kama huyo fundi alifungwa kitambaa akarudi kwenye cherehani, mpeleke kituo cha afya leo, wamwangalie kwa eksirei na waulize habari ya chanjo ya pepopunda. Usingoje kidole kivimbe. Mengine yote yanaweza kusubiri nusu siku.

Sasa wasiwasi wako. Naona umesimama kati ya mambo mawili unayodhani yanavutana: ukiwaonea huruma mafundi, oda inakupotea; ukiitetea oda, mafundi wanaumia. Wenye karakana wengi niliokaa nao wamesimama hapo hapo, na wengi huchagua oda huku roho inawauma. Lakini soma tena hesabu uliyoniandikia. Umekwisha kujijibu mwenyewe, ila hujazipanga namba zako pamoja.

Zamani mafundi 16 walifanya kazi saa 45 kwa wiki kila mmoja. Hizo ni saa 720, zikatoa mashati 600. Maana yake kila fundi, kwa kila saa sita, alikamilisha mashati matano. Wiki hii mafundi 14 wamekaa kazini saa 87 na nusu kila mmoja. Jumla ni saa 1,225. Ukitoa yale 120 yaliyofumuliwa, mashati mazuri ni 640. Fundi yule yule, kwa saa sita zile zile, sasa anakamilisha matatu na kidogo. Umenunua zaidi ya saa 500 za watu, na ulichopata ni mashati 40. Hata ile wiki ya kwanza uliyoshukuru Mungu, walikuwa wamekwisha kushuka hadi mashati manne na kidogo kwa saa sita. Hukuona kwa sababu jumla ilikuwa kubwa.

Kwa hiyo nianze kukusahihisha hapa: saa ya ziada si sawa na saa ya kawaida. Tunahesabu saa kama mita za kitambaa, kwamba kila mita ni mita. Ya jora ni hivyo, ya mtu sivyo. Saa ya kumi na mbili ya fundi haizai kama ya tatu, na baya zaidi, inakula sehemu ya saa ya tatu ya kesho yake.

Nikueleze inavyokuwa, maana ukielewa utaacha kuwalaumu mafundi na utaacha kujilaumu. Kushona hakuchoshi kama kubeba magunia. Kunachosha macho, shingo, mgongo wa chini, na zaidi ya yote kunachosha umakini. Fundi anaongoza kitambaa kwa vidole viwili huku mguu ukipima mwendo na jicho likiufuata ukingo wa pindo. Vitu vitatu vinakwenda pamoja. Akichoka, mikono inaendelea kwa mazoea, lakini jicho linachelewa kidogo tu, na huko kuchelewa kidogo ndiko kola kupinda. Na mashati ya shule mara nyingi ni meupe, kwa uzi mweupe. Mchana mwanga wa dirisha unamwonyesha mshono. Saa moja usiku, chini ya balbu moja iliyoning'inia katikati ya chumba, kivuli cha kichwa chake mwenyewe kinaangukia kwenye mguu wa cherehani, na hapo anashona kwa kubahatisha.

Halafu kuna usingizi. Anayeingia saa moja asubuhi ameamka saa kumi, amewasha jiko, ameandaa watoto, amesimama kituoni akisubiri daladala. Akitoka saa mbili usiku anafika nyumbani saa tatu, na hapo kuna sufuria, ndoo na daftari za watoto. Analala saa sita usiku. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, ukiacha wale wawili walioondoka, hakuna kilichobadilika kwenye karakana yako isipokuwa deni la usingizi, ambalo limekuwa likiongezeka kila usiku bila siku hata moja ya kulilipa.

Jambo la mwisho katika hili ni la siri kidogo: mwili hujipimia nguvu. Mtu akijua siku ni ya saa nane, anaitawanya nguvu yake katika saa nane. Akijua ni kumi na tatu, anaitawanya katika kumi na tatu, bila kukusudia, bila uvivu wowote. Ndiyo maana unaweza kumtazama saa nne asubuhi, bado mapema, ukamwona anakwenda pole. Anajiwekea akiba ya usiku.

Niliwahi kuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha nguo. Tulikuwa na oda kama yako, na mimi ndiye niliyesema tukae hadi saa tatu usiku. Fundi mmoja, mama makini kuliko wote, alipachika mikono ya kulia upande wa kushoto kwenye mashati matano mfululizo. La sita ndilo lililomshtua. Aliweka mkasi mezani, akayapanga yale matano mapajani, akawa anayatazama tu bila kusema neno. Asubuhi yake alitumia muda hadi mchana kuyafumua, uzi mmoja mmoja, kwa kuwa ukivuta kwa pupa kitambaa kinachanika. Saa tatu za usiku tulizozipata kwake tulizilipa kwa saa tano za mchana. Kwenye daftari langu zile za usiku ziliandikwa kama kazi, na zile tano nazo ziliandikwa kama kazi. Daftari lilisema tumefanya sana.

Haya si ya kwetu tu wala si ya leo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilijaza viwanda vya risasi na makombora kwa wafanyakazi wanawake, na kwa kuwa jeshi lilikuwa linasubiri, wakafanyishwa kazi saa 70 na zaidi kwa wiki, Jumapili ikiwemo. Mwaka 1915 serikali iliunda kamati ya kuangalia afya yao, na watu wake wakaandika saa na idadi ya vitu vilivyotoka. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 2014, mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, John Pencavel, alizichambua upya namba hizo. Aliona kwamba hadi kama saa 49 kwa wiki, kazi inaongezeka sawasawa na saa. Baada ya hapo kila saa inaleta kidogo kuliko iliyotangulia. Waliofanya saa 70 walitoa karibu sawa na waliofanya saa 56. Saa 14 nzima, na hakuna cha maana kilichoongezeka. Kukosa siku ya kupumzika nako kulipunguza kazi ya wiki. Hao walikuwa na vita mlangoni, haraka yao ilizidi yako na yangu, na bado mwili ulikataa.

Upande wa afya, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Hilo halitokei kwa mwezi mmoja wa oda. Linatokea pale mwezi wa oda unapogeuka kuwa desturi ya mwaka mzima, na nimeona karakana nyingi zikianza hivyo hivyo, "mara hii tu."

Tuje kwenye sheria, na hapa nitakuwa mkweli kwako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Saa za ziada zinaruhusiwa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kila wiki nne, na siku yoyote isivuke saa 12 za kazi pamoja na hizo za ziada. Zinalipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya kutoka na kuingia tena ziwepo saa 12, na kila wiki iwepo siku nzima ya kupumzika. Ikifanyiwa kazi, malipo ni mara mbili. Ratiba yako ya sasa imevuka kila kimoja kati ya hivyo, hata ile nusu saa ya chakula. Najua hukufanya kwa ubaya. Lakini mmoja kati ya hao wawili walioondoka akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nia yako nzuri haitakuwa utetezi.

Watu wakisikia sheria hudhani ni gharama. Tupige hesabu. Mshahara wa laki tatu ukiugawa kwa 4.333, kama sheria inavyoelekeza, unapata wa wiki. Ukigawa kwa 45 unapata takriban 1,538 kwa saa. Mara moja na nusu ni kama 2,308. Mafundi 14 wakifanya saa zote 50 za ziada katika wiki nne, utalipa takriban 1,615,000. Na ile posho yako ya 4,000 kwa watu 14 kwa siku 28? Ni 1,568,000. Tofauti haifiki elfu hamsini. Kwa fedha karibu zile zile, unaweza kuwa na mafundi waliolala, waliolipwa haki, na Jumapili yao. Zile wiki tatu zilizopita, posho haikutosha kulipia saa walizofanya, kwa hiyo kuna deni. Kaa na afisa kazi wa mkoa akusaidie kulikokotoa, uwaambie mafundi wenyewe kwamba utalilipa na lini. Usiwaache walitambue wao kwanza.

Je, saa hizo zinatosha mashati 2,400? Ratiba ninayokupendekezea ni hii: Jumatatu hadi Ijumaa mnaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa moja jioni, saa nzima ya chakula. Jumamosi mnatoka saa kumi na nusu kama zamani. Jumapili karakana imefungwa, na ufunguo unao wewe. Hizo ni saa 57 na nusu kwa wiki, ukingo kabisa wa sheria, kwa hiyo ni kwa wiki hizi nne tu na kwa makubaliano ya maandishi. Siwezi kukuahidi kwamba watarudi mara moja kwenye mashati matano kwa saa sita. Wamechoka, na wiki ya kwanza watakuwa wazito. Tuseme wanafika manne na nusu. Mafundi 14 kwa wiki nne wanatoa mashati kama 2,415. Inatosha kwa kubana. Wakirudi kwenye kasi yao ya zamani, yanavuka 2,680. Ukiendelea na ratiba ya sasa, kwa karatasi wiki nne za mashati 640 zinakupa 2,560, lakini namba zako hazijasimama, zinashuka. Na fundi mwingine mmoja akiondoka, au mwingine akichomwa sindano, hesabu hiyo imekufa.

Kwa kuwa njia yangu inabana, usiitegemee peke yake. Nenda kwa mkuu wa shule ukaombe kukabidhi kwa awamu: madarasa yanayoanza upya kwanza, yale ya zamani ambayo watoto wana shati la mwaka jana yafuate. Wateja wengi hukubali wakiambiwa mapema. Wanachokasirikia ni kuambiwa siku ya kuchukua mzigo.

Kuhusu zamu mbili, ambayo huenda umeifikiria: inafanya kazi vizuri pale wenye ujuzi wanapotosha kugawanyika. Wewe una 14. Utaishia na zamu ya usiku yenye mafundi dhaifu na mwanga dhaifu, akina mama wakitafuta bodaboda usiku wa manane, na kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia 5 kisheria. Kwa oda hii singeigusa. Vibarua wa muda je? Usiwaweke kwenye kola. Waweke kukata nyuzi, kupachika vifungo, kupiga pasi, kufungasha, ili fundi wa kola asiinuke kwenye kola.

Sasa yale ya ndani ya chumba, ambayo kwangu ni nusu ya kazi. Sijakiona chumba chako lakini nimeingia karakana nyingi za mabati yasiyo na dari, na saa nane mchana unaweza kuhisi joto linashuka juu ya kichwa kama mtu kakuwekea sufuria. Huko Bengaluru, India, watafiti wakiongozwa na Achyuta Adhvaryu walifuatilia viwanda vya nguo vilivyobadilisha taa za zamani kuwa za LED ili kupunguza matumizi ya umeme. Taa hizo hutoa joto kidogo. Siku za joto kali kazi kwenye laini za kushona ikaongezeka, jambo ambalo wenye viwanda hawakulikusudia. Wewe anza na pasi: iondoe katikati ya chumba, ipeleke barazani au ukutani penye dirisha. Weka taa ya LED kwa kila cherehani mbili, imulike kutoka upande wa kushoto wa fundi, kichwa kisiikinge. Ndoo ya maji safi yenye bomba iwe karibu, na choo kisiwe cha kuombea ruhusa. Mafundi wanawake wengi hawanywi maji mchana kutwa kwa sababu choo kiko mbali au ni kichafu, kisha jioni kichwa kinawauma, nasi tunasema wamechoka.

Viti pia. Kaa mwenyewe kwenye benchi la fundi wako kwa saa moja, shona mifuko kumi. Kama mabega yanapanda kuelekea masikioni, benchi ni fupi kwa meza hiyo. Seremala atalitatua kwa vipande vya mbao, na kitambaa mabaki unacho cha kushonea mto. Ongeza mapumziko ya dakika kumi saa nne asubuhi na mengine saa kumi jioni, watu wasimame, wanyooshe vidole, watazame mbali nje ya dirisha ili macho yalegee. Ukiweza, uji wa asubuhi. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja na chai ya rangi tupu, saa nne hana kitu mwilini.

Jambo ambalo hukuniuliza, lakini naliona katika zile kola zilizopinda: zilifikaje 120 bila mtu kusema? Shati halipindi kola likiwa limefungashwa. Lilipita mikono ya aliyeweka mfuko, aliyepachika mikono, aliyepiga pasi. Wote waliona. Sikujui vizuri kiasi cha kusema unakata mshahara kwa kosa, lakini niulize tu: fundi akiharibu, kwako kunakuwaje? Nimewahi kuinua furushi la mashati nikakuta chini kabisa yamefichwa manne mabovu, yamekunjwa vizuri kuliko mazuri. Aliyeyaficha alijua bei ya kila moja. Pale kosa linapokatwa kwenye mshahara, kosa halipungui, linahama tu, kutoka mezani kwake kwenda kwa mteja wako. Na sheria nayo haikuruhusu kukata hivi hivi: lazima umweleze kwa maandishi sababu na kiasi, umpe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya malipo yake.

Kuna hadithi ya kweli ninayoipenda kwa sababu imeanzia kwenye nyuzi. Mjapani Sakichi Toyoda alitengeneza mashine ya kufumia vitambaa iliyosimama yenyewe uzi ukikatika, badala ya kuendelea kufuma kitambaa kibovu. Ile iliyokamilika zaidi ilitoka mwaka 1924. Kampuni ya magari iliyozaliwa kwenye ukoo huo ikachukua wazo lile lile ikawapa watu: mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, na msimamizi anakuja kusaidia. Kwako haihitaji kamba. Weka meza moja katikati ya kazi, kabla ya kola kuunganishwa na shati, ambapo kola inawekwa juu ya kipimo cha kadibodi. Iliyopinda inarudi hapo hapo, dakika tatu, badala ya kufumua shati zima kwa dakika arobaini. Na yule anayeinua mkono kusema "mama, hii imeharibika", mshukuru mbele ya wenzake. Ukimkaripia mara moja tu, hutasikia tena hadi shule ikupigie.

Wakati mnaianza hiyo meza, kaa nao robo saa bila daftari la majina. Waulize nini kinawapotezea muda. Naweza kubahatisha majibu: uzi unaisha na aliyetumwa dukani hajarudi, mkataji amechelewa, umeme umekatika LUKU ikiwa imeisha, cherehani moja ina mvutano mbaya wa uzi na kila mtu anaikwepa. Muda unaoutafuta usiku huenda umelala hapo mchana.

Ile semina nisiikebehi, keki ni upendo na mafundi wako wataifurahia. Ila waliokufundisha walianzia paa kabla ya msingi. Mwaka 2024 mtafiti William Fleming wa Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 za Uingereza. Walioshiriki programu za ustawi za mtu mmoja mmoja, kama mafunzo ya kustahimili msongo na programu za simu za kutuliza akili, hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki, isipokuwa kidogo kwa waliopewa nafasi ya kazi za kujitolea. Sababu inaeleweka: unamfundisha mtu kustahimili jambo ambalo ungeweza kuliondoa. Siku ya michezo kwa fundi aliyelala kwa muda wa saa nne tu ni siku nyingine aliyonyimwa kulala. Ifanye Februari, oda ikiisha, uone watakavyocheza.

Mume wako usimlaumu, anaogopa deni la kitambaa kama wewe. Mwonyeshe hesabu ya mashati matano na matatu. Mwombe wiki moja tu ya ratiba mpya, na kila jioni mhesabu pamoja kitu kimoja: mashati yaliyopita ukaguzi bila kufumuliwa. Msihesabu saa, wala yaliyoshonwa kwa jumla. Wiki ikiisha na mashati mazuri yako chini ya 560, basi niandikie, maana kuna kitu kingine ambacho mimi na wewe hatujakiona.

Yako mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Fundi anayeamka usiku na ganzi vidoleni, au anayeangusha mkasi bila sababu, amwone daktari kabla mshipa wa fahamu wa kiganja haujaharibika. Anayezimia, anayelia bila kujua kwa nini kwa zaidi ya wiki mbili, naye apelekwe. Kama hujajiandikisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nenda; hicho kidole kilipaswa kuripotiwa huko. Na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, waite waje kukagua joto, mwanga na nyaya. Wenye karakana huwakimbia, lakini mkaguzi akisimama chumbani kwako kwa saa moja anaona vitu ambavyo mimi siwezi kuvisoma kwenye barua.

Na yule mama wa mtoto wa miezi mitano. Kisheria anastahili hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, na inawezekana kabisa aliondoka kwa sababu katika siku ya saa kumi na tatu hakuna aliyemwambia hivyo. Fundi mgeni atahitaji wiki kadhaa kujua kola yako inavyokaa. Huyu anaijua tayari. Mpigie leo jioni wewe mwenyewe, usimtume msimamizi. Mwambie ratiba imebadilika, Jumapili ni yake, kona ya mtoto na mkeka ipo, na kwamba ulikosea. Halafu mpigie yule mwingine.